Mwongozo kamili: namna ya kusoma neno NET bila kupunjwa, kuanzia robota la nyavu hadi slipu ya mshahara

Wachuuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, wauza nyavu, walimu wa visiwani Ukerewe na vijana wanaopokea mshahara wao wa kwanza Nyamagana na Ilemela wote hukwama kwenye herufi tatu: NET. Kamusi inasema ni wavu. Jibu hilo linamtosha aliyeshika wavu, lakini aliyeshika ankara au katoni ya samaki anabaki palepale.

Kosa linalojirudia ni kuuliza maana ya neno kabla ya kuangalia namba iliyo jirani nalo. Namba na kipimo chake ndivyo vinavyoamua NET ni wavu, ni uzito, ni fedha, ni siku za kulipwa au ni intaneti. Fuata hatua hizi kwa mpangilio ukiwa na lebo au karatasi yako mkononi.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Lebo au karatasi yenyewe, yote, mbele na nyuma. Picha iliyokatwa pembeni haifai, kwa sababu maneno yanayofafanua NET mara nyingi huwa mstari wa juu yake au upande wa pili.
- Kalamu na karatasi ya hesabu.
- Kikokotoo. Cha kwenye simu kinatosha.
- Mizani ya kidijitali. Ya kuning'iniza inayofika kilo 50 inafaa kwa magunia na mitungi, na ndogo ya mezani inafaa kwa pakiti.
- Tepu ya kupimia yenye inchi na sentimita.
- Dumu la lita 20 la kuhakiki mizani.
- Kwa mshahara: slipu ya mwezi uliopita na barua ya ajira.

## Hatua ya 1: Tambua kundi la NET yako

Angalia kilicho jirani na neno, kisha amua.

Kukiwa na KG, KGS, G, L au ML, hiyo ni NET ya uzito au ujazo. Maandiko yake ni mengi: NET WT, NETT, N.W., N/W, NW, NET CONTENTS. Herufi mbili za T kwenye NETT hazibadilishi kitu, ni tahajia ya zamani ya Kiingereza. Na N.W. kwenye katoni haihusiani na upande wowote wa dira.

Kukiwa na TZS, shilingi au USD, au maneno PAY, SALARY, PRICE, PROFIT, AMOUNT, hiyo ni NET ya fedha.

Kukiwa na namba kavu kama 7, 15, 30 au 60 kwenye ankara, hizo ni siku.

Kukiwa na herufi D, maneno PLY, MESH au MD, au inchi, hapo ni wavu wenyewe.

Kukiwa hakuna namba kabisa, nenda Hatua ya 8.

Angalizo. Karatasi moja inaweza kubeba NET mbili za makundi tofauti. Robota la nyavu huandikwa FISHING NET juu na N.W. chini. Ya kwanza ni bidhaa, ya pili ni uzito wake. Ziandike kando kando kabla hujaendelea.

Umefaulu ukiweza kusema sentensi moja kamili: "NET hii ni uzito wa kilo 24," au "NET hii ni siku 30." Usipoweza, rudia hatua hii.

## Hatua ya 2: Tafuta kilichoondolewa

NET ya uzito na ya fedha hufuata kanuni moja: kuna kiasi ghafi, kuna kilichotolewa, na kinachobaki ndicho NET. Ghafi huandikwa GROSS, G.W. au GR. Kinachotolewa kwenye uzito huandikwa TARE au TW, yaani uzito wa chombo. Kwenye fedha huandikwa DEDUCTIONS, DISCOUNT, FEES au TAX.

Andika mistari mitatu:

GROSS = ...
Kilichotolewa = ...
NET = ...

Ukiwa na mistari miwili, wa tatu unaupata kwa kujumlisha au kutoa. Ukiwa na mmoja tu, simama, omba mingine. NET peke yake haihakikiki, na aliyekupa anaijua hesabu yake. Wewe unatakiwa uijue pia.

Sehemu inayowaumiza wengi ni kudhani NET imeondoa kila kitu kisichofaa. NET ya uzito huondoa chombo tu: gunia, katoni, chupa, mtungi (na barafu ya juu ya samaki waliogandishwa, tazama Hatua ya 4). Maji yaliyomo ndani ya dagaa asiyekauka vizuri, mchanga ulionata wakati wa kuanika chini, na mchuzi ndani ya kopo la samaki, vyote bado vimo ndani ya NET.

## Hatua ya 3: Soma taa ya NET kwenye mizani

Hatua hii ni ya mwaloni hasa, na ndipo pesa nyingi hupotelea bila mtu kuona.

Mizani nyingi za kidijitali zina kitufe cha TARE na kitufe cha ZERO. Ukiweka ndoo tupu na kubonyeza TARE, mizani huitoa ndoo kwenye hesabu na kuwasha alama ya NET kwenye kioo. Kuanzia hapo, kila usomaji umeshatolewa uzito ule.

1. Kabla samaki wako hawajawekwa, mwombe mpimaji atoe kila kitu juu ya mizani.
2. Soma kioo. Kikionyesha 0.00 na alama ya NET imezimika, mizani iko safi.
3. Kikionyesha namba yenye alama ya kutoa, mfano -2.00, na NET inawaka, maana yake kuna kilo 2 zimeshawekwa kama chombo. Ni sawa kabisa kama ndoo yenye kilo 2 ndiyo itakayotumika. Ni hasara kwako kama samaki watawekwa bila ndoo, au ndani ya ndoo nyepesi.
4. Weka ndoo ileile tupu. Sasa kioo lazima kirudi 0.00.
5. Weka samaki, subiri namba itulie, soma.

Fanya hesabu ya hasara uone. Ndoo iliyowekwa kwenye TARE ina kilo 2, lakini inayotumika ina kilo 1.2. Kila upimaji unapoteza gramu 800. Ukipima mara kumi, umeacha kilo 8 za sangara mezani kwa mnunuzi.

Kuhakiki mizani yenyewe. Pima dumu tupu, andika. Lijaze lita 20 za maji safi kwa kutumia kipimo cha lita kinachoaminika, pima tena. Tofauti iwe kilo 20 au karibu sana na hapo. Usijaze dumu hadi mdomoni ukadhani ni lita 20, kwa sababu madumu mengi huchukua zaidi ya namba iliyochapwa.

Angalizo. Mizani ya biashara inapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo (WMA) kila mwaka na kubandikwa stika. Stika ikiwa imepitwa na muda wake, omba mizani nyingine. Stika nayo haizuii mtu kutumia TARE vibaya, kwa hiyo hatua tano za juu zifanye hata kama mizani ina stika mpya.

## Hatua ya 4: Pima bidhaa tatu zinazosumbua zaidi

### Mtungi wa gesi

Mtungi unaoitwa wa kilo 6 una kilo 6 za gesi. Hiyo ndiyo NET. Chuma cha mtungi ni kando, na uzito wake umegongwa kwenye shingo au kwenye mshikio kwa maandishi TW au TARE.

Tuseme umegongwa TW 7.4. Mtungi uliojaa unapaswa kusoma 7.4 + 6 = kilo 13.4. Ukisoma 12.6, umepungukiwa gramu 800, na hilo ni zaidi ya asilimia 13 ya gesi uliyolipia. Kwa mtungi wa kilo 15, jumlisha 15 badala ya 6.

Usitumie TW ya mtungi mwingine hata kama ni wa kampuni na ukubwa uleule, kwa kuwa kila mtungi una uzito wake. Na upime kabla ya kutoka dukani, kofia ya plastiki ikiwa imetolewa.

### Samaki wa barafu

Minofu ya sangara iliyogandishwa mara nyingi hupakwa tabaka jembamba la barafu ili isikauke ndani ya friza. Kanuni za kimataifa za vyakula za Codex zinataka NET ya samaki wa namna hii isihesabu barafu hiyo. Kwa hiyo pakiti yenye NET WT 1 KG inapaswa kuwa na kilo 1 ya samaki mwenyewe, na ukiipima na barafu isome zaidi ya kilo 1.

Kuhakiki: pima ikiwa imeganda, bila mfuko. Mwagia maji baridi taratibu hadi barafu ya juu iondoke, isionekane wala isihisiwe kidoleni, lakini nyama ibaki imeganda. Futa kwa kitambaa, pima mara moja. Ukitumia maji ya moto au ukiacha samaki ayeyuke, utapoteza maji ya nyama yenyewe na utamlaumu muuzaji bure.

Kopo la samaki lina namba mbili. NET WEIGHT 425 G ni samaki pamoja na mchuzi. DRAINED WEIGHT ndiyo samaki peke yake baada ya kuchujwa. Ukilinganisha bei za makopo mawili, linganisha kwa DRAINED WEIGHT.

### Gunia la dagaa

Pima gunia tupu, toa kwenye jumla. Hiyo ni NET, na kwa dagaa haitoshi.

Chota jumla ya kilo 1 kutoka sehemu tatu: juu, katikati na chini ya gunia, uchanganye. Chekecha kwenye chekeche lenye tundu dogo, kisha pima kilichoanguka. Gramu 60 za mchanga na vumbi kwenye kilo 1 ni asilimia 6, na kwenye gunia la kilo 50 hiyo ni kilo 3. Dagaa aliyeanikwa kwenye chanja hutoa kidogo sana kwenye chekeche. Aliyeanikwa chini ufukweni hutoa zaidi.

Kisha mvunje dagaa mmoja. Akikatika kwa mlio amekauka. Akijikunja bila kukatika, bado ana maji, na gunia hilo litapungua uzito njiani likisafirishwa. Ukiwa unauza mikoani, mteja atapima upya kwake, na NET yako ya Mwaloni haitakulinda.

## Hatua ya 5: Soma lebo ya robota la nyavu

Tuchukue lebo ya namna hii:

FISHING NET
210D/9 × 6" × 26MD × 90M
20 PCS
G.W. 25 KGS   N.W. 24 KGS

210D/9. Hii ni unene wa uzi. D ni denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi mmoja mwembamba una gramu 210 kwa urefu huo, na 9 inasema nyuzi tisa za namna hiyo zimesokotwa pamoja. Namba ya mwisho ikiwa ndogo, uzi ni mwembamba, hauonekani sana majini, lakini hukatika upesi. Ikiwa kubwa, wavu unadumu.

6". Ukubwa wa jicho, ukiwa umevutwa. Hapa ndipo wanunuzi huchanganya, kwa sababu kuna lebo zinazoandika upande mmoja wa jicho, fundo hadi fundo, na jicho hilohilo likasomeka inchi 3. Hakikisha mwenyewe: chagua macho kumi yaliyofuatana, uyavute yanyooke, pima kutoka katikati ya fundo la kwanza hadi katikati ya fundo la mwisho, gawa kwa kumi. Usipime jicho moja, kwa kuwa kosa dogo la mkono linakuwa kubwa.

26MD. Kina cha wavu kwa idadi ya macho. Zidisha: 26 × inchi 6 = inchi 156, karibu mita 3.96 ukiwa umevutwa kabisa.

90M. Urefu ukiwa umevutwa. Majini hautapata mita 90. Ukiufunga kwenye kamba ya maboya kwa nusu ya urefu, ambao ni ufungaji wa kawaida wa nyavu za kunasa, mita 90 zinakuwa 45, na kina kinashuka hadi kama mita 3.4 kwa sababu macho yamefunguka. Nunua kamba na maboya kwa hesabu ya mita 45, vinginevyo utalipia kamba mara mbili.

N.W. 24 KGS. Hapa NET ya uzito inakusaidia kuukagua wavu wenyewe. Gawa 24 kwa vipande 20, unapata kilo 1.2 kwa kipande. Toa vipande vitatu kutoka sehemu tofauti za robota, pima kila kimoja. Vikisoma kilo 1.2 au karibu, urefu na uzi vina uwezekano mkubwa wa kuwa sawa na lebo. Kimoja kikisoma gramu 950, ama ni kifupi ama uzi wake ni mwembamba kuliko ulioandikwa. Kifungue, hesabu macho ya kina, upime jicho.

Angalizo zito. Ukiona neno MONO au MONOFILAMENT kwenye lebo, usinunue. Ni wavu wa uzi mmoja wa plastiki unaong'aa, na umepigwa marufuku katika uvuvi wetu. Ukikatika majini hauozi, unaendelea kuua samaki bila mwenyewe. Neno MULTI au MULTIFILAMENT ndilo la nyuzi nyingi zilizosokotwa. Na kabla ya kulipia jicho la inchi yoyote, muulize afisa uvuvi wa kata au viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) wa mwalo wako kipimo kinachoruhusiwa kwa samaki unaemlenga, kwa sababu kanuni hurekebishwa na dukani unaweza kukuta mzigo wa zamani.

Umefaulu kama namba zote nne za mstari wa pili unazielewa, jicho umelipima mwenyewe, na uzito wa vipande vitatu umekubaliana na N.W.

## Hatua ya 6: Hakiki NET PAY kwenye slipu

NET PAY ni fedha inayoingia mkononi au benki baada ya makato. Mpangilio wa makato una maana, kwa hiyo usiupindue.

Mfano: mfanyakazi wa sekta binafsi mwenye mshahara ghafi wa shilingi 600,000.

1. Mchango wa NSSF wa mfanyakazi, asilimia 10: 60,000. Mwajiri huchangia sehemu yake kando, na haipaswi kutoka kwako.
2. Kinachobaki cha kutozwa kodi: 540,000.
3. Kodi ya PAYE kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021: shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi milioni 1 ni asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30. Kwa 540,000: asilimia 8 ya 250,000 ni 20,000, na asilimia 20 ya 20,000 ni 4,000. Jumla 24,000.
4. NET PAY: 600,000 − 60,000 − 24,000 = 516,000.

Mwenye mkopo wa elimu ya juu hukatwa pia asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hapa ni 90,000, na mkononi zinabaki 426,000. Mtumishi wa umma yuko PSSSF, na mchango wake ni asilimia 5.

Viwango vya kodi hupitiwa kila mwaka katika Sheria ya Fedha, kwa hiyo thibitisha na TRA viwango vya mwaka wako kabla ya kwenda kugombana na mhasibu.

Kinachoharibika mara nyingi. Kwanza, kukokotoa PAYE kwenye 600,000 badala ya 540,000. Kosa hilo linatoa kodi ya 36,000, shilingi 12,000 zaidi kila mwezi. Pili, kuona SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi) au WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) kwenye makato yako. Hizo ni za mwajiri, hazikatwi kwa mfanyakazi. Tatu, na hili ni la siku ya kuajiriwa: kukubaliana "laki sita" bila kusema ni ghafi au ni ya mkononi. Tofauti ni shilingi 84,000 kila mwezi katika mfano wetu. Barua ya ajira iseme GROSS au NET kwa maandishi.

Mkopo nao una NET yake. Ukiona AMOUNT APPROVED 2,000,000 na NET DISBURSED 1,920,000, shilingi 80,000 zimetoka kama ada na bima. Riba kwa kawaida huhesabiwa kwenye milioni 2, ingawa hukuzishika zote. Panga biashara yako kwa 1,920,000 na marejesho kwa milioni 2.

## Hatua ya 7: Soma NET kwenye ankara

NET 30 ni masharti ya muda. Mnunuzi anatakiwa kulipa kiasi chote ndani ya siku 30 tangu tarehe ya ankara. Ankara ya 5 Machi hulipwa si zaidi ya 4 Aprili. Ikiandikwa NET 30 EOM, siku zinaanza kuhesabiwa mwisho wa mwezi wa ankara, na ankara ileile ya 5 Machi inakuwa ya 30 Aprili. Anayepeleka sato hotelini na analipa wavuvi wake kwa fedha taslimu kila asubuhi asisaini NET 30 kabla ya kupiga hesabu ya mtaji wa mwezi mzima. Wengi wamesimama biashara hapo huku vitabu vinaonyesha faida.

2/10 NET 30 ni punguzo la asilimia 2 ukilipa ndani ya siku 10, la sivyo unalipa zote ndani ya siku 30. Ankara ya milioni 3 inakuwa 2,940,000.

NET PRICE inahitaji swali moja: imetolewa nini? Inaweza kuwa bei baada ya punguzo, au bei kabla ya VAT. Kwa VAT ya asilimia 18, bidhaa ya 118,000 pamoja na kodi ina bei ya 100,000 bila kodi. Hesabu sahihi ni kugawa kwa 1.18. Ukichukua asilimia 18 ya 118,000 na kuitoa, unapata 96,760, nayo ni makosa, kwa kuwa VAT ilihesabiwa kwenye 100,000.

NET OF WITHHOLDING TAX maana yake kodi ya zuio imeshatolewa. Fundi aliyetoa huduma ya milioni 1 kwa kampuni na kukatwa asilimia 5 atapokea 950,000. Adai hati ya kodi ya zuio. Bila hati hiyo hataweza kuzihesabu 50,000 kama kodi aliyokwisha kulipa.

## Hatua ya 8: NET zilizobaki

Kontena lina GR., TARE na NET ubavuni au mlangoni. Mfano: MAX. GR. 30,480 KG, TARE 2,200 KG, NET 28,280 KG. Hapa NET ni mzigo wa juu kabisa ambao kontena linaruhusiwa kubeba. Haisemi kilichomo ndani. Anayepokea mzigo kutoka Dar es Salaam asome uzito kwenye hati ya mzigo.

Kwenye vyeti vya meli, NET TONNAGE au NT hupima nafasi ya ndani inayotumika kwa abiria na mizigo. Haipimi uzito. Usiitumie kukadiria tani za ndizi au saruji.

Chandarua huandikwa LLIN au ITN, na N ni NET. LLIN ni chandarua chenye dawa ya kudumu, kilichotengenezwa kustahimili mafuo 20 na matumizi ya kama miaka mitatu. Kisipelekwe ziwani kuvulia dagaa. Ni kosa, na dawa zake za jamii ya pairethroidi ni sumu kali kwa samaki.

Kwenye simu na kompyuta, NET ni kifupi cha intaneti. Mwishoni mwa anwani ya tovuti, .net ni jina la kikoa tu, kama .com au .tz, na haithibitishi kuwa tovuti ni salama.

Kwenye majibu ya maabara au hospitali, NET kwa herufi kubwa bila namba inaweza kuwa kifupi cha uvimbe unaotokana na seli za neva na homoni. Usijisomee mwenyewe wala usimtafsirie mgonjwa. Mrudie daktari aliyeandika.

## Hatua ya 9: Hesabu zikigoma

Andika mistari mitatu ya Hatua ya 2 kwa namba zao, chini yake andika uliyopata wewe, na tofauti. Piga picha ya lebo au kioo cha mizani ikiwa alama ya NET inaonekana. Kisha uliza swali lenye namba: "Mtungi umegongwa 7.4, mizani inasoma 12.6, nilitarajia 13.4. Gramu 800 ziko wapi?" Ukiuliza hivyo utapata jibu la namba, au utapewa mtungi mwingine.

Uzito na mizani vikibaki na utata, peleka picha na maelezo kwa Wakala wa Vipimo mkoani. Jicho la wavu mpelekee afisa uvuvi kabla ya kulifunga kwenye kamba, kwa maana duka halirudishi wavu ulioingia majini. Slipu mpelekee mhasibu kwa maandishi ndani ya mwezi huohuo, ukiambatisha ya mwezi uliopita. Ankara irudishe kabla ya kusaini, uombe iandikwe upya ikiwa na tarehe kamili ya malipo badala ya NET 30.